Pikipiki Huisumbua Mishipa ya Fahamu

Dadi alipomwona Mzee Khatibu akishuka kwenye pikipiki mbele ya duka lake mjini Kasulu, huku ameshika kisogo, hakuona ugonjwa, aliona pikipiki.

Mzee Khatibu aliuza petroli kwa chupa za maji. Mwezi ule wa mwaka 2013 zahanati ilimwambia presha yake imeanza kupanda: apunguze chumvi, alale vya kutosha, atembee, dawa zingesubiri. Ushauri huo ulikuwa wa bure, kwa hiyo aliutilia shaka.

Dadi, aliyevaa koti jeupe na kubeba kipimo cha presha cha betri, alimfunga mkanda mkononi.

"Mtu akiishi kwa wasiwasi, mzee wangu, mishipa ya fahamu huiamuru mishipa ya damu ijibane. Presha hupanda."

Kila neno lilikuwa kweli. Tapeli aliyebobea hutia uongo kama mpishi mwema atiavyo chumvi.

"Nawe unaichokoza kila siku kwa mtetemo wa pikipiki. Niachie wiki nzima niichunguze. Wewe tembea njia ya Titye, polepole, ukivuta pumzi ndefu."

"Nami nibaki na nini?"

"Kipimo changu. Amana kwa amana."

Mzee Khatibu alitia kipimo mfukoni, akaanza tiba. Hata hivyo, kutembea bila shughuli aliona ni ubadhirifu. Akaiacha njia ya Titye, akashika ya Kibondo kwenda kununua maharage kwa Theodosia.

Katika kilima kilicho karibu na shamba la Theodosia alimkuta Dadi akisukuma pikipiki, koti limelowa jasho. Theodosia na wanawe watatu walikuwa wamesimama kando, wameegemea majembe.

"Daktari, uchunguzi umehamia huku?"

"Mzee, tenki lako halina kitu."

"Mwanangu, petroli ni ya kuuza. Mimi hutia ya kunifikisha msikitini na kurudi."

Mzee alitoa kipimo mfukoni, akamfunga Dadi mkanda. Tarakimu zilipanda hadi mia na tisini.

"Mishipa yako inajibana. Una wasiwasi gani?"

Dadi aliyatazama majembe.

"Tiba unaijua. Geuza, sukuma. Polepole, ukivuta pumzi ndefu."

Waliingia Kasulu adhuhuri: gunia la maharage juu ya kiti, Dadi nyuma yake akisukuma, Mzee Khatibu akifuata mikono mitupu. Dukani alipumzika kitambo, akajipima. Tarakimu zilikuwa chini kidogo kuliko alipopimwa na Dadi asubuhi.

"Kipimo changu, mzee," Dadi alinong'ona.

"Niachie wiki nzima," alisema Mzee Khatibu, "nikichunguze."