Siku Sita Bila Shenanigani

Jumapili, 21 Desemba

Leo baada ya misa Hanora kanishika kola nyuma ya ukuta wa kanisa. Nikadhani busu. Siyo busu.

Kasema dada yake wa Boston kamtumia tiketi ya meli. Mwezi wa kwanza anaondoka, isipokuwa mimi nikae bila shenanigani kuanzia leo mpaka Siku ya Kidege, ile inayofuata Krismasi, iishe. Nikiweza, anabaki na tunaoana. Nimemchumbia miaka kumi na moja, sasa siku sita ni nini?

Shenanigani ndilo neno lake kwa mambo yangu yote. Analo kwa sauti mbili: ya kucheka na ya kutocheka. Maana yake, kwa nilivyoelewa, ni kosa ambalo hata aliyekosewa anauma mdomo asicheke. Leo ilikuwa ile sauti ya pili. Sababu ni punda wa mama yake. Nilimchora mistari kwa masizi, nikampeleka gulioni, nikawaambia watu ni mnyama wa Afrika, peni moja kumtazama. Mvua ikaja. Hapa Clare mvua hainyeshi, inaishi. Afrika yote ikachuruzika mpaka kwatoni, na mama mtu kasimama palepale na bata bukini wake wa Krismasi kwapani.

Jumatatu, 22 Desemba

Pakie Mulqueen, mleta barua, kaegesha baiskeli ukutani kwangu, kaenda kunywa chai kwa jirani. Saa nzima. Baiskeli peke yake, kamba ninayo, na mti uko pale.

Huyu Pakie kacheza na Hanora mara mbili kwenye dansi ya mavuno. Nilihesabu.

Nikakalia mikono yangu. Aliporudi akaangalia baiskeli, akaangalia juu ya mti, akaniuliza, "Festy, mzee, unaumwa?" Nikamwambia nimeokoka. Akavua kofia kama yuko msibani.

Jumatano, 24 Desemba

Hanora kaja na mkate wa zabibu. Nilikuwa nimechana nywele. Nikakaa wima, nikaongea hali ya hewa. Kisha bei ya ng'ombe. Kisha hali ya hewa tena. Akaniuliza Krismasi nitafanya nini, nikasema nitasali. Akanitumbulia macho. Akanigusa paji la uso. Chai hakumaliza.

Nilijisifu mpaka nilipochungulia dirishani. Kamkimbilia Pakie barabarani, kampa barua. Bahasha ya Marekani, naijua rangi yake.

Basi. Anamwambia dada yake amtandikie kitanda. Nimekuwa mtu mzuri siku nne na bado nimeshindwa.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimewasha mshumaa dirishani kama watu wote. Mkate wa zabibu umebaki nusu. Siwezi kuumaliza.

Ijumaa, 26 Desemba. Siku ya Kidege

Asubuhi Pakie kaja. Kundi lake la wavaa mabua, wanaocheza nyumba kwa nyumba siku hii, limepungukiwa na mtu mmoja. Nikakataa. Akasema kwani lazima uwe wewe? Nikafikiri, kweli. Aliyevaa mabua hana jina. Kofia ya mabua inafunika uso mpaka kifuani, sauti unaibadilisha, mwenye nyumba haruhusiwi kuuliza, na ukimwomba mwanamke dansi hakatai. Kwa hiyo atakayefanya shenanigani ni mabua. Na kama anaenda Boston, nicheze naye mara moja tu, basi.

Tukaingia kwa mama Hanora, watu tisa, filimbi na ngoma. Nikamshika Hanora mkono. Tulizunguka jikoni mara nne. Akaniuliza, "Mgeni, mbona unapumua kama unalia?" Nikakohoa kwa sauti ya kizee.

Tulipotoka uani, yule punda akaja. Kawapita wanane, kaja kwangu. Kaanza kula kofia. Kala taratibu, hana haraka, mpaka pua yangu ikatokea, kisha uso wote. Na jua lilikuwa bado liko juu, Siku ya Kidege haijaisha.

Nikangoja ile sauti ya pili. Hanora akasema alinijua tangu mlangoni. Miaka kumi na moja namkanyaga kidole kilekile cha mguu wa kushoto. Na tiketi aliirudisha Jumatano. Kisa? "Robo saa ya bei ya ng'ombe, Festy. Nikajiona niko Boston tayari, peke yangu, na wewe umekaa mbele yangu." Hapo akaanza kulia, au kucheka, sijui, alikuwa ameegemea mabua.

Pakie alijua. Nguruwe yule ndiye aliyebeba barua.

Jumapili, 28 Desemba

Harusi ni Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima. Hanora kanishika kola palepale ukutani, busu safari hii, kisha sharti: siku ya harusi tu, siku moja, shenanigani hapana. Nimeapa kwa kaburi la mama.

Lakini harusini watu wa mabua huja bila kualikwa, ndiyo mila, na lazima mmoja wao acheze na bibi harusi. Huyo mmoja hana jina. Mlango wa nyuma wa ukumbi una kitasa kibovu, bwana harusi anachomoka bila kuonekana. Mabua nimeshayaficha kwa Pakie, mbali na punda, na viatu kaniazima vyake.

Hatanijua. Safari hii namkanyaga mguu wa kulia.