Kiti cha Mwenye Gari

Shemeji aliliona gari lile msibani, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa dhati. Mpaka dakika ile alikuwa amesimama nyuma ya watu, mikono ameifumbata, sura ameikunja kiasi cha kutosha, anasubiri chakula. Mara mtu mmoja akaenda kuongeza viti, akauacha mlango wa gereji wazi, na mle ndani zikaonekana taa mbili za duara na pua ndefu ya rangi ya buluu. Machozi yakamtoka Shemeji bila breki.

"Masikini," alisema mama mmoja pembeni yake. "Huyu alimpenda sana marehemu."

Hakuwahi kuonana na marehemu hata siku moja.

Lakini gari alilifahamu, kama kila mpenzi wa magari ya zamani alivyolifahamu kwa kulisikia. Lilikuwa la milango miwili, la enzi zile watu walipotengeneza magari kwa hasira, na lilitoka kiwandani na injini yenye kifuniko chekundu. Mashabiki waliiita Kichwa Chekundu, na waliitaja kwa sauti ya chini kama watu walio hospitalini. Mji mzima ulikuwa na Kichwa Chekundu kimoja tu, na sasa kimebaki mikononi mwa mjane anayekodisha viti na mahema.

Shemeji alipangusa machozi, akala sahani mbili, akaanza kufikiri.

Hili jina la Shemeji alijipatia mwenyewe. Alimwita kila mtu shemeji, na watu nao wakamrudishia. Dada yao aliyemuoa ni yupi, hakuna aliyewahi kuuliza. Kazi yake ilikuwa kuyaongezea nguvu magari ya wenzake. Kuna wanaume katika mji ule ambao wakipata mshahara huupeleka moja kwa moja kwenye ekzosi, nyumbani watoto wanakula kelele. Hao ndio waliokuwa shamba la Shemeji. Hulikagua gari la mtu, na wakati mwenyewe anatazama pembeni, huingiza kipande cha mbao chini ya kapeti, nyuma ya pedali ya mafuta, pedali isishuke zaidi ya nusu. Gari linakuwa zito. Mwenye gari anakosa usingizi. Wiki ikiisha Shemeji anamfungia kidude cha kuongeza nguvu, yaani kisanduku cha sabuni kilichojazwa nta na nyaya mbili zisizokwenda popote, kisha anautoa ubao wake kimyakimya. Gari linaruka. Mwenye gari anamkumbatia.

Mimi simwiti mwizi. Mwizi huondoka na kitu. Shemeji alikuwa anaacha kitu, ingawa kilikuwa nta.

Kila Jumapili wapenzi wa magari walikutana juu ya kilima, kwenye uwanja wa ghala lililofungwa. Walifungua boneti, wakanyamaza, wakatikisa vichwa, wakafunga boneti. Viti walikodi kwa yule yule mama, ambaye watu walimwita Mama Viti, na sheria yao ilikuwa moja: gari moja, kiti kimoja. Asiye na gari anasimama. Na Shemeji, aliyewauzia nusu ya takataka walizojivunia, hakuwa na gari. Alisimama. Alisimama kwenye jua akisema maneno matamu, huku Kinyozi, ambaye hakuweza kutofautisha plagi na kizibo, amekaa kakunja nne.

Siku moja Kinyozi alikwenda kujisaidia, Shemeji akakikalia kiti chake. Kinyozi alirudi. Alisimama mbele yake tu, akimtazama, na wenzake wote wakaacha kuzungumza mpaka Shemeji akainuka. Hilo lilimuuma. Nasema ukweli, lilimuuma kuliko kofi, na tangu siku ile hakutamani kitu duniani kama kiti cha plastiki.

Aliheshimu msiba mpaka heshima ikamwisha. Kisha akavaa shati safi, akaenda.

"Mama, pole tena," alisema getini. "Marehemu alikuwa kaka yangu kabisa."

"Ahsante, mwanangu," alisema Mama Viti. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya hema. "Mlifahamiana wapi?"

"Mambo ya magari, Mama. Ndiyo maana nimekuja. Nimesema nisimwache mjane wa kaka yangu na lile balaa ndani. Magari yale ya zamani yanashika moto yenyewe."

"Yesu! Yenyewe?"

"Yakiwa na huzuni. Hebu niletee ufunguo nilisikilize."

Mama Viti aliingia ndani kutafuta ufunguo, na aliutafuta kwa muda mrefu sana. Ubao ukawa umekaa mahali pake kabla hajarudi.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo, maana ndipo mambo yote yalipoharibikia. Watu wanaonunua magari ya zamani wana nidhamu yao. Kitu unachokitaka hukitazami. Ukifungua boneti mbele ya mwenye gari, ukatoa macho, ukameza mate, bei imepanda. Unatakiwa uwe na uso wa mtu aliyeletewa habari mbaya. Shemeji alijijua. Alijua akikitazama Kichwa Chekundu kwa muda ule tu wa kupiga chafya, atalia tena, na safari hii hakuna maiti ya kusingizia. Kwa hiyo aliinua boneti kiasi cha kiganja, akaona kifuniko chekundu kinang'aa, akaifunga haraka.

"Aisee," alisema, akiukunja uso. "Aisee, Mama. Pole sana."

"Hali mbaya?"

"Twende barabarani ujionee mwenyewe. Mimi sipendi kuwaambia watu uongo."

Walitoka, Mama Viti pembeni na mkoba wake mapajani. Kwenye mteremko gari lilikwenda vizuri, kama kitu chochote kinavyokwenda kwenye mteremko. Kwenye kupanda liligoma. Shemeji alikanyaga mafuta mpaka mguu ukatetemeka, injini ikakoroma, na mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli alitembea sambamba nao kwa muda, akawasalimia, kisha akawapita.

"Unasikia?" aliuliza Shemeji. "Imechoka. Injini ikichoka hivi hairudi."

"Na mume wangu alivyokuwa anaisifia!"

"Mapenzi, Mama. Mapenzi ni upofu."

Mama Viti alitoa kitambaa, akapenga kamasi. Shemeji, kwa kuwa roho yake haikuwa mbaya sana, alijisikia vibaya kidogo, lakini ilipita.

"Lichukue tu," alisema Mama Viti walipoegesha. "Lakini bure bure sitoi, marehemu atanisema. Nasikia una chuma fulani chini ya kitanda."

Shemeji aliganda. Chini ya kitanda chake kulikuwa na giaboksi ya Kichwa Chekundu, mpya, haijawahi kufungwa kwenye gari, aliyompokonya fundi mmoja mzee kwa maneno matupu. Ndiyo ilikuwa akiba yake ya uzeeni. Aliitolea majigambo kila Jumapili, kwa vile hakuwa na kingine cha kujigambia.

"Chuma cha kazi gani, Mama?"

"Cha kushikia hema. Upepo wa juzi ulinipeperushia hema zima mpaka juu ya paa la shule. Nimeweka mawe, wateja wanasema si heshima harusini. Nataka kitu kizito, chenye umbo."

"Giaboksi? Kushikia hema?"

"Ndiyo inaitwa hivyo? Basi hiyo. Nitaishonea kitambaa cheupe na utepe."

Shemeji aligeuka akajifanya anakohoa. Akilini alipiga hesabu. Gari lilikuwa na giaboksi yake tayari, si walikuwa wametoka kuliendesha? Anatoa chuma kinacholala uvunguni, anapata Kichwa Chekundu kizima, na kiti. Zaidi ya yote, kiti.

"Mama," alisema, ameweka mkono kifuani. "Kile chuma ni kumbukumbu ya baba yangu."

"Basi acha, mwanangu, sitaki kukuvunja moyo."

"Hapana, hapana! Chukua. Baba angependa kiende harusini."

Wakakubaliana hivi: yeye alete chuma kwanza, gari atalichukua Jumapili asubuhi, kwa sababu Mama Viti alitaka alioshe lisimwaibishe marehemu. Kesho yake Shemeji aliibeba giaboksi begani, mgongo ukalia, akaitua pale alipoonyeshwa, katikati ya marundo ya turubai. Mama Viti aliizunguka, akaisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Itafaa," alisema.

Jumapili ilifika. Gari lilikuwa linang'aa hata aibu kulishika. Shemeji alikuwa na hamu ya kuutoa ubao palepale getini, lakini Mama Viti alisimama akimpungia mkono muda wote, na ungeng'olewaje mbele yake? Akaondoka polepole, mpole kama bwana harusi. Chini ya kilima aliwakuta wenzake wakijipanga kupanda. Kinyozi alimwona, akashuka kwenye gari lake mdomo wazi.

"Shemeji! Hilo si la..."

"Langu," alisema Shemeji. Neno lile alilirudia mara nyingine kwa ajili yake mwenyewe. "Langu. Tangulieni, nitawapita njiani."

Wao wakaanza kupanda. Yeye akainama, akachomoa ubao, akautia mfukoni, akaketi sawasawa, akavuta pumzi, akakanyaga mafuta mpaka sakafuni.

Injini ikakoroma. Ikakoroma vilevile ilivyokoroma siku ile.

Alitazama chini. Ubao haukuwepo. Alishika mfuko, ulikuwemo. Akakanyaga tena. Mpaka anafika juu, wenzake walikuwa wamekwishaegesha, wamefungua boneti zao, wamezitikisia vichwa, na wamegeuka wote kumtazama akija.

"Ina moshi wa adabu," alisema mmoja wao, kwa heshima.

"Imelala tu," alisema Shemeji. "Kichwa Chekundu kikikaa sana kinalala."

"Fungua tukione," alisema Kinyozi.

Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kulitamani lile gari, Shemeji alifungua boneti yote. Kifuniko chekundu kilikuwepo, halisi, kimepakwa nta kikang'aa. Kilikuwa kimelazwa juu ya injini ndogo ya teksi, na kimefungwa kwa kamba ya hema.

Hakuna aliyecheka mara moja. Kilikuwa kitu kizito, kilihitaji muda. Shemeji aliinama aishike ile kamba, labda macho yake yanamdanganya, na alipoinama kipande cha mbao kikamdondoka mfukoni. Kinyozi alikiokota. Alikigeuza huku, akakigeuza kule, akalitazama gari lake mwenyewe, akarudi kukitazama kile kipande. Mambo yalikuwa yakimwingia Kinyozi taratibu, lakini yakiingia yalikaa.

"Kile kidude ulichonifungia," alianza.

Hakumaliza, kwa sababu ya sauti. Ilitoka chini ya kilima, nene, ya kifua, inayopanda bila kupumzika, na kila mwanaume pale aliisikia tumboni kabla ya kuisikia masikioni. Vichwa vikageuka. Kilichojitokeza kwenye kona kilikuwa pikapu ya kijivu, imebonyea kila upande, viti vya plastiki vimepangwa nyuma mpaka juu ya kichwa cha dereva. Ilipanda kilima kile kana kwamba kilima hakipo. Mama Viti aliegesha, akazima, akavaa miwani.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema. "Nilikuwa namalizia giaboksi. Za mwanzo zote Kichwa Chekundu kilikuwa kinazitafuna."

Kinyozi ndiye aliyepata sauti. "Kwani marehemu ndiye aliyeihamishia injini kwenye pikapu?"

"Marehemu alikuwa anashika tochi." Mama Viti alianza kufungua kamba za viti. "Alishika vizuri sana, Mungu amrehemu. Tulibakiza giaboksi tu, akafa hajaisikia ikipanda kilima. Nimelia njia nzima nikija."

Na kweli macho yake yalikuwa mekundu. Shemeji alimsogelea, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na maneno matamu. Alikuwa na machungu tu, tena machache.

"Mama, umenidhulumu. Mimi nilikuja kwako kama mwana."

"Mwanangu, nimewaokotea viti hivi miaka yote. Mnaongea mimi nikiwa hapahapa, hakuna anayeshusha sauti. Ya giaboksi nimeisikia hapa. Ya ubao umemsimulia muuza matairi, ukacheka mpaka ukashikilia kiti changu." Alimtazama bila hasira. "Lile gari ningemuuzia nani? Mtu mwaminifu angefungua boneti. Ilibidi nisubiri mtu kama wewe."

Sasa walicheka. Walicheka mpaka wengine wakaegemea magari yao, na Kinyozi peke yake hakucheka, alikuwa amekichomoa kile kisanduku cha sabuni garini mwake, anakikuna kwa ukucha na kunusa nta.

Mama Viti alishusha viti, akavipanga, kimoja kwa kila gari, kama kawaida. Alipofika mwisho wa mstari, mbele ya lile la buluu, alisimama kidogo. Kisha akaweka kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa, Shemeji," alisema. "Una gari sasa."

Shemeji akakaa.