Matofali Manne Chini ya Kitanda

Jumamosi, 27 Desemba 2025

Nimepata! Shule ikifunguliwa, Monsieur Faustin wa biolojia atachagua mwanafunzi mmoja tu wa kwenda maonyesho ya sayansi ya mkoa. Nephtali wa darasani kwetu ataloweka mfupa wa kuku ndani ya siki mpaka ukunjike. Darasa zima linasema ameshashinda. Mimi mbele ya watu huongea kwa shida. Lakini nimesoma kwenye simu ya mjomba, Tonton Amuri: wanaanga wakikaa juu bila uzito, mifupa inapungua, misuli inanyauka, na mionzi ya huko inazidisha. Watafiti wa huku chini hulaza watu kitandani siku nyingi, kichwa chini, miguu juu, digrii sita. Mionzi sina. Kitanda ninacho!

Hesabu: matofali mawili chini ya kila mguu wa kitanda, upande ninakoweka miguu.

Jumapili, 28 Desemba

Nimeondoka duniani! Shavu la mguu: sentimita 31, kwa mita ya Papa, fundi nguo. Chooni natambaa, mifupa isibebe uzito. Mama ameniona. Ameuliza kama naumwa. Nikasema: kidogo. Bora! Sitaamshwa kufua.

Jumanne, 30 Desemba

Habari imefika mtaani. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Mama Nadia wa jirani: pondu, majani ya muhogo ya kutwanga. Mama Bibiche: makayabu, samaki wa chumvi, na lituma ya ndizi za kuponda. Naye hakuondoka mpaka sahani ikawa nyeupe. “Kula, mutoto! Ao pondu ya Mama Nadia ndiyo iko muzuri kupita yangu makayabu?” Nimekula vyote. Kula kichwa kikiwa chini si mchezo: pondu ilipanda puani.

Nephtali naye amekuja, na samaki wa mama yake kutoka maporomoko ya mto. Akayatazama matofali kwa muda mrefu. Jasusi! Akauliza polepole kama nahitaji msaada. Nikafumba macho.

Alhamisi, 1 Januari 2026

Bonana, heri ya mwaka mpya! Siku ya tano. Tonton Amuri ameleta wazee wawili wa msikiti. Papa akawaambia mtoto hajasimama tangu Jumapili. Wakaanza kusoma Yasini. Yasini! Ile wanayosomewa wanaokata roho! Niliruka, nikapiga kelele kwamba sijafa. Dunia ikazunguka. Nikaangukia sufuria ya pondu. Wazee wakaongeza sauti.

Lakini ajabu kubwa! Wanaanga wakirudi nao huanguka hivyohivyo, damu imesahau kupanda kichwani! Naandika haya nikiwa na pondu kwenye nyusi. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumatatu, 5 Januari

Shuleni. Nilisoma matokeo kwa sauti ya sisimizi. Shavu la mguu kabla: 31. Baada ya siku tano: 32.

Limeongezeka.

Kutoka nyuma Alexis akauliza: “Safiya, kule angani nani anapika?” Darasa likapasuka kwa kicheko.

Monsieur akaomba daftari langu. Nilikuwa nimeandika kila sahani, kumi na saba. Akasema hakuna mwanafunzi mwingine aliyeandika ukweli kama huo. Kisha akasema mtu mmoja si utafiti, tena mtu aliyelishwa na mtaa mzima. Nafasi kapewa Nephtali. Mfupa wake aliufunga fundo.

Nje Nephtali akanikimbilia. Akasema yeye anajua siki inakula chokaa ya mfupa, basi. Wakimwuliza habari za wanaanga atabaki mdomo wazi. Twende wawili, mimi nieleze. Monsieur amekubali! Hata sitalazimika kusimama peke yangu.

Nikamwambia sina muda.

Maana hakumsikiliza Monsieur vizuri. Mimi nilimsikia: mtu mmoja hatoshi!

Saa tisa alasiri. Papa amelala baada ya chakula. Shavu la mguu: 36. Kitanda chake ni kizito, nimekiinua kwa jeki ya gari la Tonton Amuri. Matofali manne yako mahali pake. Papa ameteleza kidogo kuelekea ukutani, lakini hajaamka. Kesho Mama.

Mama Nadia ameniona uani na jeki mkononi. Ameuliza kuna nini. Nikaificha jeki nyuma ya mgongo. Nikasema Papa anaumwa kidogo.

Amekimbia kutwanga pondu.