Banda Jeupe la Mbwa

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Mhandisi wa manispaa anakuja Alhamisi kukagua kituo chetu cha wanyama. Mkuu wa kituo ametutangazia asubuhi, sote tumesimama uani na ndoo mikononi. Jengo moja tu litakarabatiwa mwaka huu. Ama banda la mbwa, ambalo nalisimamia mimi, ama banda la paka, ambalo analisimamia shemeji. Litakalokosa lisubiri mwaka kesho.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Kazi hii nilimtafutia mimi mwenyewe. Leo alinitazama kama mtu aliyekwisha kushinda.

Lazima nimshinde. Si kwa ajili yangu. Haya, kidogo kwa ajili yangu. Lakini zaidi ni kwa ajili ya Bibi. Bibi ni mbwa mzee wa chumba cha mwisho. Hakuna familia inayomtaka, na bati la juu yake linavuja. Anakohoa. Daktari wa mifugo alishasema kwamba akilala kwenye unyevu msimu mwingine wa mvua, hatoboi. Na mvua haziko mbali. Nampenda yule mbwa, na humu naweza kuandika hivyo bila kuchekwa.

Swali: mhandisi anapenda nini? Sijawahi kumwona mhandisi kwa karibu. Nimewaza kutwa. Jibu nimelipata wakati wa kufunga geti. Mgeni mkubwa akija, watu husafisha!

Jumanne, 4 Machi

Mgongo sina. Nyufa zote nimezijaza saruji. Ukuta wa mwisho, ule uliofura kama shavu lenye jino bovu, nimeupiga chokaa mikono mitatu. Tundu la bati nimeliziba kwa ubao, na ubao nao nikaupaka rangi. Bibi amelamba chokaa. Pua nyeupe, hana habari.

Shemeji hafanyi kitu! Amekaa mlangoni kwake anakunywa chai. Nikazunguka nyuma, nikachungulia dirishani. Amebandua hata kile kipande cha bati kilichokuwa kinaficha mlango ulioliwa na mchwa. Kwa nini mtu abandue? Nimejiuliza hadi kichwa kikauma. Nimeamua kwamba amekata tamaa. Nikamwonea huruma, nikampelekea chokaa iliyobaki. Akasema ahsante shemeji, kaa nayo tu. Akacheka peke yake. Maskini.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ameuliza mbona nina mvi ghafla. Nikamweleza kuwa ni chokaa, na nikamweleza mpango wote. Akaweka chini nguo aliyokuwa anakunja. Kisha akauliza kama kiatu changu kikichanika nakipiga rangi kwanza ndipo nakipeleka kwa fundi. Nikamwambia ndiyo, fundi naye ni mtu, akiona kiatu kinang'aa ataniheshimu. Akasema haya, baba. Akarudi kukunja nguo. Namjua. Akisema haya, baba, ujue ameishiwa hoja.

Mbwa wote nimewaogesha, wananukia sabuni. Nikaweka maua kwenye kopo mlangoni. Mbwa mmoja akayala. Nimeweka mengine juu zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Mhandisi ni mama mfupi mwenye viatu vizito na nyundo ndogo. Hapigi misumari. Anagonga ukuta, anatega sikio. Anasogea hatua, anagonga tena. Anasikia nini? Nilimfuata nyuma kama kifaranga, mwisho uzalendo ukanishinda, nikamuuliza. Akasema ukuta mzima unajibu, ukuta mbovu unanung'unika. Loo! Miaka yote nimeishi na kuta hizi na sikujua kama zinasema!

Akataka kuugonga ukuta wa mwisho. Nikamwahi. Nikamwambia chokaa haijakauka vizuri, ataharibu koti lake. Akashukuru. Akauliza kama kuna panapovuja. Nikasema hata tone. Kuna nyufa? Nikasema jengo hili ni mwamba. Mkuu alikuwa nyuma yake akinitolea macho. Nikadhani vumbi limemwingia. Bibi akakohoa. Nikaeleza kwamba anasafisha koo amsalimie mgeni.

Tukaenda kwa paka. Shemeji akaonyesha mlango ulioliwa. Akaonyesha tundu la bati, na paka aliyekuwa amelala humo humo tunduni. Akaonyesha beseni la kukingia maji. Sauti yake ilikuwa ya msibani. Mhandisi akaandika, akafungua ukurasa mwingine, akaandika.

Akatangaza: banda la paka. Mimi akanipa mkono, akanipongeza kwa kutunza vizuri mali ya umma.

Nikabaki nimesimama na mkono wangu uliopongezwa. Ndipo nikaelewa kwa nini mtu abandue bati. Nikaenda kukaa na Bibi sakafuni. Akaniwekea kichwa mapajani, akakohoa. Nililia kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Sijakata tamaa! Mhandisi anarudi Jumatatu kupima banda la paka. Mpango mpya: kurudisha ubovu.

Ubao wa tundu nimeubandua. Chokaa nimeikwangua kadiri nilivyoweza. Lakini nyufa zimegoma. Saruji yangu imeshika! Tangu nizaliwe sijawahi kukandika kitu kikashika, kimeshika juzi.

Nikaazima nyundo kwa seremala wa jirani. Nikagonga, nikatega sikio. Ni kweli kabisa! Hapa ko, ko. Pale bu, bu. Nikashindwa kuacha. Nimegonga tangi la maji. Nimegonga geti. Nimegonga meza ya Mkuu, Mkuu akiwa anaandikia. Nyumbani nimegonga kuta zote, kabati na masufuria. Mke wangu akasema nikigonga kitu kingine nitalala nje. Nikagonga mlango wa nje, kidogo tu. Ni mzima.

Jumamosi, 8 Machi

Ukuta wa mwisho hausemi ko wala bu. Ukiugonga, kitu kinamiminika ndani, taratibu, kama mchele. Kuna nini humo? Nilimtoa Bibi, nikamfunga kivulini upande wa pili wa ua. Nikarudi nikagonga. Nikaongeza nguvu kidogo. Nikaweka jicho kwenye ufa mpya uliofunguka.

Ukuta umeanguka.

Wote! Umeangukia nje, Mungu mkubwa. Mbwa wakatoka mbio kupitia pale, wakazunguka ua, kisha wakarudi wenyewe kwa sababu ilikuwa saa ya chakula. Matofali yalikuwa yamelowa na kuoza hadi ndani. Yalikuwa yameshikwa na plasta tu. Na chokaa yangu.

Shemeji akaja anakimbia. Akautazama ule uwazi, akanitazama mimi. Hakucheka. Akasema shemeji, ungeuangukia upande wa ndani, leo ningemwambia nini dada. Akanisaidia kufunga mbwa mmoja mmoja hadi jioni. Sijui ana lengo gani.

Jumatatu, 10 Machi

Mhandisi alishika tofali, likasagika mkononi mwake. Akauliza nani alipaka chokaa juu ya kitu hiki. Mimi nikatazama mawingu. Mkuu akanionyesha kwa kidole.

Yaliyofuata siyaandiki. Nilikuwa sijui kama mama mfupi vile anaweza kuwa na sauti kubwa vile.

Lakini mwisho wake! Banda la mbwa ni hatari, linajengwa upya, fungu lote linahamia kwangu. Mlango wa shemeji usubiri mwaka kesho. Nimeshinda! Mkuu amenihamishia kwa paka, chini ya shemeji, nizoe mchanga wanaojisaidia hadi ujenzi uishe. Sijali. Mshindi ni mshindi.

Kuna jambo moja tu. Wakati wa ujenzi mbwa watakaa kwenye kibanda cha waya huko nyuma, ambacho upepo na mvua vinaingia vitakavyo. Ndani kwa paka kuna chumba kimoja kikavu, na kinatosha mbwa mmoja. Mkuu amesema atapewa mbwa aliye mgonjwa kuliko wote. Daktari wa mifugo anakuja keshokutwa kuchagua.

Jumanne, 11 Machi

Lazima Bibi apate kile chumba. Akilala kwenye waya na mvua hizi, nitamkosa. Nimejitoa leo kutwa nzima.

Nimemwogesha. Nimemchana manyoya hadi yanang'aa. Tangu asubuhi nampa asali na maji ya uvuguvugu, na kikohozi kimetulia kabisa, hata kimoja sijakisikia tangu mchana. Nimemfundisha kutembea kichwa juu, miguu anainua kama askari wa gwaride. Anaweza hata kuruka kidogo!

Shemeji amesimama kututazama, akauliza nafanya nini. Nikamwambia asubiri, kesho ataona. Akafungua mdomo aseme kitu. Nikamkatiza, nikamwambia wivu haufai kwa ndugu. Akaondoka anatikisa kichwa.

Mbwa wengine watakuja mbele ya daktari wakipiga chafya na kuchechemea. Aibu tupu. Bibi wangu hatakohoa hata mara moja. Daktari mwenyewe atasema hajawahi kuona mbwa mzee mwenye afya namna hii!