Chetezo cha Bi Kuruthum

Jumapili, 12 Januari
Nimevunja chetezo cha Bi Kuruthum, jirani anayenilea kama mwanawe! Nilikiazima nifukize sare, maana Matia, mlinzi mwenzangu, kanizidi unadhifu. Kikaniponyoka. Vipande saba. Ni cha marehemu mama yake, alichotoka nacho Unguja. Anakitaka Ijumaa, harusi ya mjukuu wake Mawadda. Ningemwambia leo, lakini sina uso wa kumtazama.

Jumatatu, 13 Januari
Wazo! Chini ya uwanja tunaoulinda huku ughaibuni, mtaa wa Al Ras, wanachimbua mabaki ya mji wa kale, na kazi ya Daktari Taghreed ni kuunga vyungu vilivyovunjika. Anaunga vizuri, tena bure! Nimefukia vipande shimo la tatu. Akishaunga, nakichukua kimya kimya. Akili ni mali.

Jumanne, 14 Januari
Wachimbaji wamevipata! Makofi, vigelegele. Kisha vikapewa namba, vikafungiwa kabatini. Kumbe kitokacho ardhini humo kinalindwa kwa sheria. Kukitoa nje ni jela. Na mlinzi wa kabati nani? Mimi.

Jumatano, 15 Januari
Daktari kakiunga, kakinusa. Akasema hajapata kuona chombo cha miaka elfu kinachonukia udi wa juzi. Akauliza nani kati yetu hujifukiza. Matia akajibu yeye huoga tu. Mimi nikasema Matia ana siri nyingi. Khalas, basi: Matia kashukiwa kukichezea chombo, kaambiwa akae nyumbani. Ana watoto wawili kwao Masaka wanaomtegemea. Naona haya hata kuandika.

Alhamisi, 16 Januari
Bi Kuruthum kaja mwenyewe getini. Nikamwamkia shikamoo mara tatu. Mlango wa ofisi wazi, chetezo mezani! Akamwambia Daktari ni chake, alimwazima mwanawe huyu, naye anaomba radhi kwa niaba yangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini sikusema, vyombo huvunjika. Afadhali angenizaba kofi. Nikakiri yote, machozi yananitoka mbele ya watu. Bi Kuruthum karudishiwa chetezo chake, Matia karudishwa kazini. Mimi nahamishiwa Jumeirah Village Circle kuanzia Jumatatu, kulinda maegesho.

Ijumaa, 17 Januari
Harusi. Chetezo kinafuka, gundi haionekani. Bi Kuruthum kaagiza niketishwe karibu na Matia, nimwombe radhi. Nimemwomba, kanisamehe. Katika kumpa mkono nikapiga kumbo buli la kauri la wenyewe. Mdomo umekatika! Hakuna aliyeona. Liko chini ya kanzu yangu. Ufunguo wa uwanja sijaurudisha, na shimo la tatu bado halijafukiwa.