Maji ya Polo

Jumatano, 4 Machi 2026. Migosi.
Baba amerudi kutoka Bondo na kutangaza mezani kwamba picha ya Winny imetundikwa kwa Dani, nyanya yetu. Winny ni dadangu mdogo, mchezaji wa voliboli. Sasa ukoo mzima uko kwenye ukuta wa Dani. Baba na kombe la soka. Mama na netiboli. Baba mdogo Enos na glavu za ndondi. Hata binamu aliyerusha mkuki mara moja tu, shuleni. Mimi sipo. Baba anasema polo ya majini si mchezo, watazamaji wanaona vichwa tu. Nilimaliza ugali wangu. Inauma.

Alhamisi, 5 Machi.
Nimempigia Dani simu. Nikamwambia nacheza polo, kwenye maji. Akalia kwa furaha. Nilichelewa kuelewa: kwa Kijaluo, polo ni mbinguni. Dani anadhani nimeokoka na ninabatiza watu. Akauliza kama tuko wengi. Nikasema tuko saba majini, wengine wanangoja kando. Akasema Bwana asifiwe. Nikasema amina. Sikudanganya. Yeye alisikia vibaya, mimi nikaacha tu. Ameahidi kunitundika juu ya Baba, na kuja Jumamosi kuniona nikibatiza.

Ijumaa, 6 Machi.
Kocha ametaja timu ya mechi ya kesho. Golini, Bhavin. Mimi akiba, kama kawaida. Dani atafika na nitakuwa nimekaa kwenye benchi na taulo. Nikamweleza Bhavin, kirafiki kabisa, kwamba macho yake yana umanjano, labda apumzike kesho. Akaenda kujitazama kwenye kioo, akarudi, akanishukuru kwa kumjali. Mtu huyu hata kuchukia hajui. Simpendi.

Jumamosi, 7 Machi.
Dani alikuja na akina mama wa kanisa, wote na sare nyeupe, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Anyango. Wakaketi kando ya bwawa wakiimba. Kocha aliniingiza dakika za mwisho, kwa huruma nadhani. Mpinzani akanizamisha. Haleluya, wakasema akina mama. Nikaibuka, akanizamisha tena. Haleluya. Dani akamuuliza Winny mbona mhubiri ndiye anayebatizwa kila saa. Winny, nyoka yule, akamweleza yote.

Dani hakunigombeza. Alisema tu kwamba nimemfanya mjinga mbele ya wenzake, kisha akanipa mgongo. Afadhali angenichapa. Aliyemsindikiza hadi stendi ni Bhavin, akimbebea mkoba na kumwita Mama.

Jumapili, 15 Machi. Bondo.
Nimekuja kuomba msamaha. Ukutani kuna picha mpya, juu ya Baba. Ni Bhavin na kofia yake nyekundu, anazuia mpira mazoezini. Eti aliileta mwenyewe katikati ya wiki, alipokuja kumpa pole. Dani anasema kijana ana adabu, na msumari ulikuwa tayari umepigwa. Nyuma ya Bhavin kuna mkono unatokeza majini. Mkono huo ni wangu. Hiyo ndiyo picha yangu yote katika ukoo huu.

Nikapiga magoti. Nikaungama kila kitu, karibu nilie. Dani akanisamehe, akanishika kichwa kama zamani. Halafu akasogelea picha na macho yake mabovu, akauliza ule mkono ni wa nani.

Nikamwambia ni wangu, na kwamba ndio kwanza nilikuwa nimemaliza kumbatiza Bhavin.