Siku Niliyowaonyesha Wakubwa Josho la Ng'ombe

Leo nimeumbuka jamani.

Mnajua miezi sita sasa niko kwa ofisi ya ardhi hapa Nakuru, kontrakti. Faili za ardhi ya umma, yaani ploti za shule, zahanati na soko, zilikuwa zimepangwa kwa mwaka wa kufunguliwa. Ukitafuta ya Rongai unapekua vumbi mpaka unakohoa. Mimi nimezipanga upya kwa mahali. Unabonyeza ramani, faili ya hapo inatokea. Kontrakti inaisha Ijumaa, na bosi alisema wazi: leo wakubwa wanakuja kuona, na ikikwama mbele yao nirudi kwetu Molo nikavune viazi.

Asubuhi nimeenda choo mara nne (ndiyo, nilihesabu).

Saa nne wakaingia: bosi, wakubwa wawili, na chifu mmoja wa upande wa Molo aliyealikwa awakilishe wananchi. Nikawasha projekta. Ikakataa! Nikaipiga kofi kidogo, ikawaka.

Mkubwa mmoja, mama wa miwani, mathe kabisa, akasema hataki mfano niliouandaa. (Soko la Olenguruone. Nimelifanyia mazoezi wiki nzima!) Akanyoosha kidole mwenyewe upande wa Molo, popote tu. Nikabonyeza huku nikimuomba Mungu. Faili ikatokea. Robo ekari, iliyotengwa kwa josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe tangu shamba la mzungu lilipogawanywa. Jina la faili ni namba tu ya shamba la zamani, na ukiangalia kutoka juu, Molo yote ni viazi. Nikaweka picha ya setilaiti, mipaka ikakaa sawa kabisa.

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi wasiwasi ukipungua mdomo unafunguka. Nikaanza kuhubiri. Nikasema muone, josho hakuna, kuna nyumba. Nikasema watu kama hawa ndio wanatumalizia nchi, hawana haya, wamezungusha mpaka ua. Mathe wa miwani anaandika kila neno. Nikanogewa, nikavuta picha karibu zaidi.

"Na muone paa," nikasema. "Mabati yote ya buluu, halafu moja jekundu. Hata..."

Hilo jekundu nililipigilia mimi mwenyewe, Desemba, baada ya upepo kung'oa lile la zamani.

Na lile shimo refu la simiti nyuma ya nyumba, ambalo utoto wangu wote nilijua ni la nyasi za ng'ombe? Ndilo josho lenyewe, na nimeogelea humo jamani! Kila Krismasi baba hujisifu kwamba kijiji kilimpa funguo alinde josho. Sikuwahi kumuuliza josho lenyewe liko wapi. Kumbe mzee amelilinda mpaka akahamia.

Chifu akakohoa. Ni mzee mpole, ananijua tangu nikivaa kaptura.

"Kijana," akasema polepole, "hapo si kwenu?"

Nilitamani ardhi ipasuke, hata kama haiko kwa faili.

"Ndiyo, mzee," nikajibu. Ningekataa vipi, na ramani nimeipanga mimi?

Mathe akavua miwani. Nikajua basi, viazi vinaniita. Akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikasema sikujua, sauti nyembamba ajabu. Akamgeukia bosi, akamwambia mpango ambao haumfichi hata baba wa aliyeupanga, huo ni wa kuaminika. Nimeongezewa mwaka mzima! Ila barua ya notisi ya kuhama hiyo ploti nipeleke mimi, kwa sababu njia naijua.

Nimempigia baba saa hii, roho mkononi, nikamweleza yote.

"Na hiyo laini ya mpaka," akauliza, "si wewe ndiye umeiweka? Huwezi kuisogeza kidogo?"

Nikamwambia haisogei. Mama akamnyang'anya simu, akataka kujua siku ya kuleta notisi nitafika saa ngapi, achinje kuku.

Sasa nyinyi mnaotaka kucheka, chekeni tu. Lakini kwanza kila mtu aniambie kwao ni wapi, nibonyeze.